Neno Moja, Kazi Mbili: Uhakiki wa Istilahi katika Mswada kuhusu Ugeuzaji wa Magari Madogo ya Kasi

1. Utangulizi

Miswada inayoletwa kwetu ili itazamwe lugha yake huwa zaidi ya utawala, sheria, elimu na afya. Ni mara chache kupata mswada wa mambo ya gereji. Kwa hiyo tuliupokea kwa furaha mswada wa tafsiri ya kijitabu cha Kiingereza kinachomweleza mwenye gari dogo la kasi namna ya kuligeuza mwenyewe, nyumbani kwake, ili lipendeze zaidi kwa macho na litii usukani vizuri zaidi. Magari yanayotolewa mifano humo ni mawili, Volkswagen Golf GTI ya kwanza na Peugeot 205 GTI. Mtafsiri hatutamtaja jina, kwa kuwa kasoro tutakazozieleza si zake peke yake. Zimeenea katika tafsiri nyingi za ufundi, na ndiyo sababu tumeona inafaa kuzijadili hadharani.

Huenda msomaji akauliza jambo hili linatuhusu nini. Ni kweli kwamba kazi hii ilistawi Ulaya, hasa Ujerumani, Ufaransa na Uingereza, ambako vijana wengi walijifunza ufundi kwa kufungua na kufunga magari yao katika mabanda ya nyuma ya nyumba. Lakini springi ni springi popote iwapo. Magari yaliyokwisha kutumika huingia katika bandari zetu kila siku, na kijana anayejifunza ufundi kwa Kiswahili hushika boliti zile zile anazozishika mwenzake wa Ulaya. Akisoma neno lisilo wazi, mkono wake utatenda jambo lisilo wazi, na gari hilo baadaye litakwenda barabarani likiwa na watu ndani.

Hoja yetu katika makala haya ni moja. Tumezoea kuhukumu istilahi kwa asili yake: je, neno hili ni la Kibantu, ni la Kiarabu, au limekopwa kutoka Kiingereza? Swali hilo lina nafasi yake. Lakini katika lugha ya ufundi, kosa kubwa si ugeni wa neno, bali ni neno moja kubebeshwa kazi mbili. Tutaupima mswada huu kwa kipimo hicho.

2. Gari lenyewe na jina lake

Yafaa kwanza tuujue mtajwa kabla ya kulichagua jina. Golf ya kawaida ilitoka mwaka 1974 ikiwa na injini za nguvu-farasi 50 na 70. Wahandisi wachache wa kiwanda walikuwa wameanza, bila agizo rasmi, kufikiria namna ya kulifanya gari la familia liwe la mchezo. Matokeo ya kazi yao yalionyeshwa Frankfurt mwaka 1975, na mwaka 1976 Golf GTI ikaanza kuuzwa. Ilikuwa na injini ya lita 1.6, nguvu-farasi 110, na mwendo wa juu wa kilomita 182 kwa saa. Kiwanda kilikusudia kutengeneza 5,000 tu, lakini za umbo lile la kwanza peke yake zilipita 460,000. Peugeot 205 GTI ilifuata mwaka 1984.

Hapa pana jambo ambalo mtafsiri angelizingatia tangu mwanzo. Golf GTI yenyewe ni gari lililogeuzwa, ila liligeuzwa kiwandani. Wahandisi hawakuongeza injini wakaishia hapo. Walilishusha gari, wakapanua magurudumu, wakaweka fimbo za kulizuia lisilale kwenye kona, na wakatia diski za breki za mbele zenye matundu ya kupitisha hewa. Hata mapambo yake, yaani mstari mwekundu kuzunguka uso wa gari na kitambaa cha miraba kwenye viti, yaliwekwa kando ya mabadiliko hayo bila kuchukua mahali pake. Kila kitu kilipimwa pamoja na vingine. Anayeligeuza gari hilo nyumbani anaingilia mfumo uliokwisha kupatanishwa.

Jina la aina hii ya gari limetafsiriwa katika mswada kuwa "gari moto la mlango wa nyuma". Maneno yote ni ya Kiswahili, na kila moja ni rahisi, lakini jumla yake inapotosha mara mbili. Kwa wazee wetu wengi "gari la moto" ni treni, na tofauti ya kiunganishi kimoja haitoshi kuuondoa utata huo. Na "mlango wa nyuma" katika mazungumzo ya kila siku ni njia ya magendo na upendeleo. Mtu akisema kitu kimepatikana kwa mlango wa nyuma, haelezi usanifu wake. Msomaji atadhani kijitabu kinazungumzia magari yaliyokwepa ushuru.

Sisi tungependa kulipokea neno hachibaki kwa gari ambalo mlango wake wa kisogoni hufunguka pamoja na kioo, kisha kuongeza kivumishi tulichonacho tayari: hachibaki kali. Waswahili husema kisu kikali, pilipili kali, jua kali. Ni sifa ya kitu ambacho tendo lake linapita kiasi cha kawaida. Ndivyo lilivyo gari hili.

3. Kugeuza, kurekebisha na kupamba

Neno linalotumika mara nyingi zaidi katika mswada ni kuboresha. Kupaka rangi ni kuboresha. Kubadili rimu ni kuboresha. Kulishusha gari ni kuboresha. Kutoboa bomba la moshi ili lingurume ni kuboresha. Mtafsiri bila shaka alivutiwa na wepesi wa neno hilo, ambalo siku hizi limeenea katika kila hotuba. Lakini kuboresha ni kufanya kitu kiwe bora. Neno hilo limekwisha kutoa hukumu kabla kazi haijaanza. Springi iliyokatwa kwa msumeno haikuboreshwa hata kidogo, ingawa mwenye gari anaweza kuipenda sura ya gari lake baadaye.

Mahali pengine mtafsiri ametumia kurekebisha. Hili nalo lina kazi yake maalumu: kukirudisha kitu katika hali kilichopaswa kuwa nayo, au kukiweka sawa ndani ya mipaka aliyoiweka mtengenezaji. Fundi anayepima na kunyoosha mwelekeo wa magurudumu anarekebisha. Anayeondoa springi za kiwanda na kuweka fupi zaidi anafanya jambo jingine.

Kwa maoni yetu yanatakiwa maneno matatu. Kupamba ni kubadili sura bila kugusa mwendo wa gari, kama kuongeza mistari ya rangi au kubadili kitambaa cha viti. Kurekebisha ni kuweka sawa ndani ya vipimo vya mtengenezaji. Kugeuza ni kubadili usanifu wa mtengenezaji kwa namna inayoathiri mwendo, kusimama au kugeuka kwa gari. Nomino zake ni upambaji, urekebishaji na ugeuzaji.

Wala hili si suala la ufasaha tu, kama watumishi wa serikali wanaosoma makala haya watakavyotambua. Nchini Ujerumani, kifungu cha 19 cha kanuni za vibali vya magari kinasema kwamba kibali cha gari hukoma endapo limebadilishwa aina, au limebadilishwa kwa namna inayotarajiwa kuwahatarisha watumiaji wa barabara, au kwa namna inayozidisha moshi au kelele zake. Kwa hiyo anayeweka springi fupi hulipeleka gari likaguliwe na mabadiliko yaandikwe katika hati zake. Nchini Uingereza makampuni ya bima huuliza kama gari limegeuzwa, na jibu lisilo la kweli laweza kumkosesha mtu fidia. Sasa tufikirie fomu ya Kiswahili inayouliza: "Je, gari limeboreshwa?" Mtu aliyekata springi zake aweza kujibu hapana kwa moyo mweupe, na kwa Kiswahili sanifu atakuwa amesema kweli. Fomu ikiuliza "Je, gari limegeuzwa?", pa kujificha hapatakuwapo.

4. Springi na shokapu

Sura inayohusu kulishusha gari ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote, na hapa ndipo neno moja lilipobeba mzigo usio wake. Mswada unamwambia msomaji apunguze springi za mbele. Kupunguza springi kwaweza kuwa na maana nne: kupunguza idadi yake, kupunguza urefu wake kwa kuikata, kuweka nyingine iliyotengenezwa fupi, au kupunguza ugumu wake. Asili ya Kiingereza ilikusudia maana ya tatu tu. Lakini mtu aliye nyumbani, mwenye msumeno wa chuma mkononi na fedha kidogo mfukoni, ataichagua ya pili.

Na akiikata itakuwaje? Ugumu wa springi ya mzunguko huongezeka kadiri mizunguko inayofanya kazi inavyopungua. Springi yenye mizunguko sita ikiondolewa mmoja huwa ngumu zaidi kwa asilimia 20. Ncha iliyokatwa haikai sawasawa katika kikalio chake, kwa kuwa kikalio kilifanyizwa kupokea ncha ya kiwandani. Tena springi iliyofupishwa hivyo yaweza kulegea kabisa gurudumu linaponing'inia hewani, kisha ikarudi vibaya gurudumu linapogusa ardhi. Hayo yote yamezaliwa na kitenzi kimoja. Ilitosha kuandika: "Ondoa springi za kiwandani, weka springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hili, usikate springi."

Kuna kasoro ya pili, ambayo imetokana na kutoujua mtajwa. Mswada unasema springi zote nne za Peugeot 205 GTI zibadilishwe. Gari hilo halina springi za mzunguko nyuma. Magurudumu yake ya nyuma hubebwa na mikono inayoegemea fimbo za chuma zilizolazwa kukingama gari. Fimbo hizo hujisokota uzito unapokuja na kujisokotoa uzito unapoondoka. Kulishusha gari hilo nyuma ni kuichomoa fimbo kutoka katika meno yake na kuirudisha katika meno mengine. Fundi atakayefuata mswada atatafuta springi mbili zisizokuwapo. Mafundi wetu wanazijua fimbo za namna hii, kwa kuwa zimo mbele ya Toyota Hiace nyingi zinazofanya kazi ya daladala, na Volkswagen za mgongo wa mviringo zilikuwa nazo mbele na nyuma. Tunapendekeza ziitwe fimbo za msokoto.

Kuhusu kile ambacho gereji zote hukiita shokapu, mtafsiri amebuni "kifyonza-mshtuko". Umbo la neno ni zuri. Tatizo ni kwamba limetafsiri kosa la Kiingereza. Mshtuko wa shimo barabarani hupokewa na springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi hiyo isiendelee kuchezacheza baada ya kupokea mshtuko. Neno "kifyonza-mshtuko" linamfanya mwanafunzi aamini kwamba springi na shokapu hufanya kazi moja, hivyo kubadili kimoja kwatosha. Ukweli ni kinyume: springi ngumu zaidi huhitaji shokapu zinazoweza kuitawala, la sivyo gari litaruka kama mpira. Kama ni lazima kubuni, basi kituliza-springi ni neno la haki zaidi. Lakini hatuoni ulazima huo. Shokapu linajulikana kutoka gereji za mjini hadi zile za vituo vya mabasi mikoani, na halina kazi nyingine katika lugha. Liachwe lilivyo.

5. Gurudumu, rimu na tairi

Mswada unashauri "kuongeza ukubwa wa gurudumu". Hapa tena pana utata, kwa kuwa gurudumu ni jumla ya rimu na tairi, na ushauri wa asili unahusu rimu peke yake. Tofauti yake huonekana wazi katika tarakimu. Golf GTI ya kwanza ilitoka na tairi za 175/70 R13. Tarakimu ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wa tairi kikiwa asilimia ya upana huo. Herufi R huonyesha namna nyuzi za ndani zilivyolazwa. Na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kimo cha ubavu hapa ni milimita 122.5, na kipenyo cha gurudumu zima ni kama milimita 575. Akiweka tairi za 185/60 R14, rimu imekua kwa inchi nzima, lakini ubavu umepungua hadi milimita 111, na gurudumu zima ni kama milimita 578. Gurudumu halikuongezeka ukubwa wa kutajika. Rimu imeongezeka, ubavu wa tairi umepungua.

Msomaji atakayeongeza ukubwa wa gurudumu kweli, kama mswada unavyomwagiza, atalifanya likwaruze madigadi usukani unapozungushwa, na kipima-mwendo kitasema uongo, kwa kuwa kila mzunguko utalipeleka gari mbali zaidi ya kinavyohesabu. Tunashauri kila mahali patajwe kinachokusudiwa: rimu, tairi, ubavu wa tairi, au gurudumu. Maneno haya tunayo, na kila moja lina kazi yake. Shida ni uvivu wa kuyatenganisha.

6. Mshiko, utulivu na utiifu

Kitabu kizima kinakusudia kueleza namna gari linavyougeukia usukani, na kwa dhana hiyo kuu mswada una neno moja tu, ushikaji. Tunatambua lilikotoka. Madereva wetu husema gari linashika barabara, na usemi huo ni mzuri. Lakini kushika barabara ni sehemu moja tu ya jambo linalozungumzwa.

Kwa maoni yetu dhana ni tatu. Mshiko ni kiasi ambacho tairi zinaing'ang'ania barabara. Utulivu ni tabia ya gari kubaki katika njia yake bila kuyumba, hata kama kuna upepo au shimo. Utiifu ni wepesi na usahihi wa gari kufuata amri ya usukani. Gari laweza kuwa na mshiko mkubwa lakini utiifu mdogo, kwa mfano lililowekewa tairi pana sana zinazofuata kila mfereji wa lami. Laweza pia kuwa na utiifu mkubwa lakini utulivu mdogo.

Mfano bora wa hali hii ya mwisho ni Peugeot 205 GTI yenyewe. Gari hilo lilisifiwa kwa namna lilivyoitikia usukani, na likaogopwa kwa tabia moja: dereva aliyeingia kona kwa kasi, kisha akaachia mafuta ghafla, aliweza kuona nyuma ya gari ikimpita. Sababu yake yaeleweka. Dereva anapoachia mafuta, uzito hukimbilia mbele. Tairi za nyuma hupungukiwa na mzigo, na kwa hiyo hupungukiwa na mshiko, wakati ambapo za mbele zimezidishiwa. Mbele hugeuka zaidi, nyuma huteleza kwenda nje. Kwa dereva asiyetarajia, nafasi ya kusahihisha ni ndogo.

Mswada unaziita hali hizi "kugeuka zaidi" na "kugeuka pungufu", kwa kuyafuata maneno ya Kiingereza hatua kwa hatua. Dereva atakayesoma kwamba gari lake "linageuka pungufu" atadhani usukani una kasoro au haukuzungushwa vya kutosha, naye atauzungusha zaidi, jambo ambalo ndilo baya. Tunapendekeza kutaja kinachotokea: mserereko wa mbele, pale tairi za mbele zinapoteleza na gari kutanuka nje ya kona, na mserereko wa nyuma, pale tairi za nyuma zinapoteleza na mkia kutoka. Tabia ya Peugeot itaitwa mserereko wa nyuma wa kuachia mafuta. Ni ndefu, lakini mwanafunzi akiisikia mara moja amekwisha kufundishwa.

Hatutaki kumnyima mtafsiri haki yake. Katika sura hii hii amefanya jambo la kupongezwa. Kwa fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mhimili mmoja ili gari lisiinamie upande mmoja kwenye kona, hakubuni neno la maktabani. Alisikiliza madereva wanavyosema, kwamba gari linalala kona, akaiita fimbo ya kuzuia kulala. Mafundi huiita stabilaiza. Maneno yote mawili yafaa, la kwanza kwa kufundishia na la pili kwa kununulia kifaa dukani, kwa kuwa yote mawili yanataja kitu kimoja bila kukichanganya na kingine.

7. Tafsiri ya neno na tafsiri ya kitu

Kuna mahali pawili ambapo mtafsiri alilitazama neno akasahau kitu. La kwanza ni spoila, ambalo yeye ameliita "kiharibifu". Ni kweli kwamba mzizi wa neno la Kiingereza ni kuharibu, lakini kinachoharibiwa ni mkondo wa hewa, ili usiliinue gari linapokwenda kasi. Msomaji wa Kiswahili atajiuliza kwa nini ashauriwe kununua kiharibifu. Kivunja-upepo kingeeleza kazi, na spoila latosha kwa matumizi ya dukani. Jambo la muhimu zaidi ni kulitenga na bawa, ambalo hukandamizwa chini na hewa yenyewe. Mswada umeviita vyote viwili kwa jina hilo moja.

La pili ni mwelekeo wa magurudumu yanapotazamwa kutoka juu. Kiingereza kimechukua mfano wa vidole vya miguu ya mtu, na mswada ukaandika "kidole cha ndani" na "kidole cha nje". Hakuna fundi atakayeelewa. Lugha yetu ina njia yake: magurudumu yaweza kukaribiana mbele au kuachana mbele. Basi iwe mkaribiano na mwachano. Na kwa hali ya gurudumu kuinamisha kichwa chake ndani au nje linapotazamwa kutoka mbele ya gari, tunapendekeza mwinamo wa ndani na mwinamo wa nje. Mwalimu anayetaka mfano wa haraka darasani anaweza kutaja mtu mwenye matege, ambaye miguu yake haikusimama wima.

Vipimo hivi hubadilika vyenyewe gari linaposhushwa. Kwa hiyo baada ya kugeuza hapana budi kurekebisha, na hapa ndipo tofauti ya vitenzi tuliyoieleza katika sehemu ya tatu inapoonyesha faida yake.

8. Mafuta na jeki

Tumeyaacha mwisho maneno mawili mepesi kuliko yote, kwa sababu ndiyo yanayoweza kuua.

Mswada unasema baada ya kubadili mabomba ya breki "jaza mafuta". Katika Kiswahili mafuta ni petroli, dizeli, mafuta ya injini, mafuta ya giaboksi, na kile kioevu cha breki. Breki za magari haya hutumia kioevu kisichotokana na petroli. Mafuta ya injini yakitiwa humo huvimbisha mipira ya ndani na breki hushindwa. Tena kioevu hicho hunyonya unyevu wa hewa: kile cha daraja la DOT 4 sharti kisichemke kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi kikiwa kipya, lakini kikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 155. Kikichemka, kanyagio huzama hadi sakafuni na gari halisimami. Hatupendekezi neno jipya. Tunataka tu liandikwe kamili kila mara, mafuta ya breki, pamoja na daraja lake.

Neno la pili ni jeki. Kijitabu cha asili kina vitu viwili: chombo cha kuliinua gari, na vyombo vya kulishikilia likishainuliwa. Mswada umeviita vyote jeki. Matokeo yake ni sentensi inayomwambia msomaji aliinue gari kwa jeki, aliweke juu ya jeki, kisha aingie chini. Maana iliyokusudiwa ilikuwa kinyume cha inayosomeka. Jeki hunyanyua, kazi yake hukoma hapo. Kinachomlinda mtu aliye chini ya gari ni stendi, yaani miguu ya chuma iliyosimamishwa mahali pagumu. Mtu anayefanya kazi nyumbani peke yake hana wa kumvuta gari likimwangukia. Ikiwa kuna mahali popote ambapo mtafsiri anabeba maisha ya msomaji wake, ni hapa.

9. Mapendekezo

Kutokana na tuliyoyaeleza, tunatoa orodha ifuatayo ili ijadiliwe:

hachibaki kali: gari dogo la familia lenye mlango wa kisogoni na injini yenye nguvu kuliko kawaida.
kupamba: kubadili sura ya gari bila kuathiri mwendo wake.
kurekebisha: kuweka sawa ndani ya vipimo vya mtengenezaji.
kugeuza: kubadili usanifu wa mtengenezaji kwa namna inayoathiri mwendo, breki au usukani.
springi fupi: springi iliyotengenezwa kwa kimo kidogo, si springi iliyokatwa.
fimbo ya msokoto: fimbo ya chuma inayobeba uzito wa gari kwa kujisokota.
shokapu: kifaa kinachoituliza springi.
fimbo ya kuzuia kulala, au stabilaiza: fimbo inayopunguza gari kuinama kwenye kona.
ubavu wa tairi: sehemu ya tairi kati ya rimu na uso unaokanyaga barabara.
mshiko, utulivu, utiifu: kama yalivyoelezwa katika sehemu ya 6.
mserereko wa mbele, mserereko wa nyuma: kuteleza kwa tairi za mbele au za nyuma kwenye kona.
mkaribiano, mwachano: hali ya magurudumu kukaribiana au kuachana upande wa mbele.
mwinamo wa ndani, mwinamo wa nje: kuinama kwa kichwa cha gurudumu.
stendi: chombo cha kushikilia gari lililokwisha kuinuliwa.

10. Hitimisho

Msomaji ataona kwamba katika orodha hii maneno yaliyokopwa yamekaa kando ya yaliyobuniwa, na mengi ni maneno ya kawaida yaliyowekewa mipaka tu. Hatukufanya hivyo kwa kudharau juhudi za kukiimarisha Kiswahili kwa mizizi yake. Tumefanya hivyo kwa sababu lugha huimarika pia kwa kutenganisha mambo. Fundi asiyejua kusoma hachanganyi jeki na stendi. Amevitenganisha kwa majina kwa kuwa alipaswa kuvitenganisha kwa mikono. Mtafsiri mwenye shahada asiyekanyaga gereji aweza kuvichanganya katika sentensi moja iliyo sahihi kisarufi.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa watafsiri wa mambo ya ufundi ni kwamba, kabla ya kufungua kamusi, waende wakakione kitu na wamsikilize anayekishika. Kisha wajiulize kuhusu kila neno walilolichagua: je, kuna kitu kingine katika kazi hii hii ambacho nacho kitaitwa hivi? Jibu likiwa ndiyo, kazi haijakwisha.

Mswada tumeurudisha kwa mtafsiri pamoja na maoni haya, tukiamini kwamba ukirekebishwa utakuwa kitabu cha manufaa. Walimu wa vyuo vya ufundi, madereva na mafundi wenye majina mengine ya vitu tulivyovitaja wanakaribishwa kutuletea, pamoja na maelezo ya mahali yanapotumika, ili yapimwe kabla orodha haijapitishwa.